Mwalimu wa Pekee wa Somo Lake: Ushirikiano wa Kikanda Uanzie kwa Nani?

Shule ndogo ya sekondari huwa na mwalimu mmoja wa fizikia, na nyingine haina hata huyo mmoja. Mwalimu huyo huandaa azimio la kazi peke yake, hutunga mitihani peke yake, husahihisha peke yake, na akikwama katika mada ya mawimbi hana wa kumuuliza, kwa kuwa anayekaa naye meza moja ofisini hufundisha historia. Mkuu wa shule anapokuja kukagua kipindi chake anaweza kuona kama darasa limetulia na kama andalio la somo limejazwa inavyotakiwa, lakini si rahisi amwambie kwamba ule mfano wa maji ndani ya bomba, alioutumia kueleza mkondo wa umeme, ndio uliowafanya wanafunzi waamini kuwa mkondo "hutumika na kuisha" ukipita kwenye taa. Nikiulizwa ushirikiano wa kikanda katika mafunzo ya walimu kazini ni kwa ajili ya nani, huwa namtaja huyu kwanza.

Namtaja yeye kwa sababu mipango mingi ya ushirikiano huanza kujengwa kutoka juu: wizara hutiliana saini na chuo kikuu, mfadhili huahidi fedha, kamati ya uratibu huundwa, na uzinduzi hufanyika ukumbini. Yote hayo yana nafasi yake, na sidharau kazi ya watu wanaoandika makubaliano. Hata hivyo, shule yenye walimu watano wa hisabati ina uwezo wa kufanya mengi ndani ya uzio wake bila kumsubiri mtu yeyote. Kanda inahitajika kwa yale ambayo shule haiwezi kujipatia: wenzake wa somo kwa mwalimu aliye peke yake, jicho la mjuzi kutoka nje kwa kundi ambalo limezoeana mno, na vifaa ambavyo shule moja haiwezi kuvinunua wala kuvitumia vya kutosha. Ushirikiano unaofanya mambo mengine kumi lakini ukayaacha haya, mimi nauona kama mkutano tu.

Mfano mkubwa zaidi tulionao Afrika Mashariki ulianza Kenya mwaka 1998, pale mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika shule za sekondari ulipoanzishwa kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na shirika la Japani la JICA. Ulianzia katika wilaya chache za majaribio, kisha kuanzia mwaka 2003 ukapanuliwa nchi nzima. Wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wakufunzi wa wilaya, ambao nao waliwafunza walimu. Msingi wake ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza: somo lijengwe juu ya shughuli badala ya maelezo matupu, mwanafunzi awe katikati, majaribio yafanyike hata kama ni madogo, na zana zibuniwe kutokana na vitu vinavyopatikana, halafu mwalimu apange, atende, atazame kilichotokea, na aboreshe. Mwaka 2001 ukazaliwa mtandao wa nchi za Afrika zilizotaka kujifunza kutokana na kazi hiyo, na kituo kinachojulikana leo kama CEMASTEA, kilichoko Nairobi, kikawa mahali pa kuwapokea wakufunzi kutoka nchi hizo. Kwangu, kilicho cha thamani zaidi katika historia hiyo ni kwamba walimu wa Kiafrika walifunzwa na walimu wa Kiafrika waliokuwa wamefundisha madarasa yaliyojaa kama yao, wakiwa na uhaba uleule wa maabara.

Lakini mtindo huo wa kupokezana ngazi kwa ngazi una ugonjwa wake, nao unajulikana na kila aliyewahi kukaa katika semina ya ngazi ya mwisho. Kinachofundishwa kwa muda mrefu katika ngazi ya taifa hufupishwa wilayani, na kinapofika shuleni kimekuwa saa mbili za mchana ambazo mwezeshaji anazitumia kusoma slaidi alizopewa. Maneno hufika salama. Sababu zake ndizo zinazopotea njiani. Mwalimu wa ngazi ya mwisho anajua kwamba anatakiwa kuwagawa wanafunzi katika makundi, ila hakuna aliyemweleza ni lini makundi hayafai, kwa sababu swali hilo lilijadiliwa usiku mmoja huko juu, baada ya chakula, na halikuandikwa popote. Hili si kosa la mwezeshaji wa mwisho. Ni matokeo ya kudhani kwamba ujuzi wa kufundisha husafiri kwa njia ileile ya waraka wa ofisi.

Wajapani waliouchangia mradi huo walikuwa na desturi yao ya zamani ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyostahili kusafirishwa mapema zaidi, nayo ni uchunguzi wa somo. Desturi hiyo ina mizizi tangu enzi ya mfalme Meiji, iliyoanza mwaka 1868. Walimu kadhaa hupanga kipindi kimoja kwa pamoja, mmoja wao hukifundisha mbele ya wanafunzi halisi huku wengine wakitazama, kisha wote huketi kukijadili, na mara nyingi mjuzi kutoka nje ya shule hualikwa kutoa maoni mwishoni. Ufanisi wake uko katika kanuni moja ndogo: wanaotazama hawamtazami mwalimu, huwatazama wanafunzi.

Nimewahi kukaa nyuma ya darasa katika kipindi cha aina hiyo, mada ikiwa ni kujumlisha sehemu. Swali lilikuwa 1/2 + 1/3, na wanafunzi wengi waliandika 2/5, kosa ambalo kila mwalimu wa hisabati amelisahihisha hadi kalamu nyekundu ikaisha wino. Katika ukaguzi wa kawaida tungeandika kwamba "wanafunzi hawajaelewa kulinganisha asili" na kumshauri mwalimu arudie mada. Safari hii mwalimu mmoja, aliyetoka shule jirani, alikuwa amesimama karibu na binti aliyekuwa akichora. Binti huyo alichora mstatili wenye vyumba viwili, akapaka rangi kimoja. Akachora mstatili wa pili wenye vyumba vitatu, mrefu kuliko wa kwanza, akapaka rangi kimoja. Kisha akahesabu vyumba vyote vitano na kukuta viwili vina rangi. Kwa mchoro wake jibu lilikuwa sahihi kabisa. Tatizo lilikuwa kabla ya kulinganisha asili: hakuwa ameona kwamba mistatili yote miwili lazima iwe kitu kizima kilekile. Mjadala uliofuata haukugusa tena kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika, ukahamia kwenye namna ya kuanza mada kwa karatasi mbili zinazolingana. Mwalimu aliyeyaona hayo hakuwa wa shule hiyo, na nadhani ndiyo maana aliyaona. Wenyeji walishawazoea watoto wao kiasi cha kujua mapema nani atakosa.

Ndipo linapokuja suala la nani aunganishwe na nani. Mazoea ni kuunganisha shule zilizo karibu kijiografia, na pale ambapo walimu hutembea kwa miguu au kwa pikipiki hakuna njia nyingine. Hata hivyo kuna funzo katika mpango wa kuboresha shule za London ulioanza mwaka 2003 na kumalizika mwaka 2011, ambao uliziweka shule katika "familia" kwa kufuata hali za wanafunzi wao badala ya ujirani, na kila shule ikapewa takwimu za wenzake wa familia. Shule yenye watoto wengi kutoka kaya maskini haikuweza tena kusema kwamba matokeo yake mabaya yanatokana na umaskini tu, kwa sababu iliona kwa macho yake shule nyingine yenye watoto wa hali ileile ikifanya vizuri zaidi, nayo iko umbali wa safari ya basi. Watafiti bado wanabishana ni kiasi gani cha mafanikio ya London kilitokana na mpango huo na ni kiasi gani kilitokana na mambo mengine, ubishi ambao ni wa haki. Lakini wazo la kulinganisha wanaolingana ni la bure na halihitaji mfadhili.

Kwa nchi zilizoungana kuna namna nyingine tena ya kugawana kazi. Jumuiya ya mawaziri wa elimu wa Asia ya Kusini-Mashariki, SEAMEO, iliyoanzishwa mwaka 1965, haikujaribu kujenga chuo cha kila kitu katika kila nchi. Kila kituo hukaa katika nchi moja na kuwahudumia wanachama wote, kama kile cha sayansi na hisabati kilichoko Penang, Malaysia. Nchi ndogo isiyo na wataalamu wa kutosha wa somo fulani hupata pa kuwapeleka wakufunzi wake bila kulazimika kuazima mfumo mzima wa taifa kubwa.

Sasa fedha, maana hapa ndipo ushirikiano mwingi hufia. Posho imekuwa sehemu ya mafunzo kiasi kwamba semina isiyo na posho huonekana kama adhabu, na sioni sababu ya kumlaumu mwalimu anayelipa nauli kutoka mfukoni ili ahudhurie jambo ambalo mwajiri wake anadai ni la lazima. Kinyume chake pia kimejaribiwa: Kenya, mwaka 2021, Tume ya Huduma ya Walimu ilizindua mafunzo ya lazima ambayo walimu walitakiwa kuyalipia wenyewe, na upinzani ukawa mkali. Mimi naona kanda ilipie nauli na chakula cha mchana bila mjadala, na isilipe chochote kinachomfanya mtu atamani kuhudhuria asichokihitaji. Vyuo vikuu navyo vina sehemu yao hapa. Badala ya kuleta mada walizoziandaa kwa ajili ya machapisho yao, wahadhiri wanaweza kutambua kazi ya walimu katika makundi hayo kama sehemu ya masomo ya stashahada au shahada, na hapo mwalimu atapata kitu kinachodumu kuliko bahasha.

Tanzania, kupitia mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, imechagua kuanzia shuleni: walimu hukutana katika jumuiya za kujifunza ndani ya shule yao, na vituo vya walimu huwakutanisha wa shule jirani. Mpangilio huo nauunga mkono, ila unamwacha yule mwalimu wetu wa fizikia katika hali ileile ikiwa mkutano wa shule jirani haujagawanywa kwa masomo. Jambo la kwanza ambalo mratibu wa kanda anaweza kulifanya, hata kabla ya kupata fedha, ni kuandika orodha ya walimu walio peke yao katika somo lao, somo kwa somo, shule kwa shule. La pili ni kukaa na wakuu wa shule hizo kabla ratiba za muhula hazijabandikwa, wakubaliane kwamba alasiri moja ya wiki, ileile kwa shule zote, walimu wa fizikia hawatapangiwa kipindi. Na muhula unaofuata alasiri hiyo wapewe walimu wa somo jingine.