Morris ya Mzee na Jumapili ya Saa Nane

Mdogo wetu wa Coventry katuma picha tena kwenye kundi la familia. Morris Minor ya kijani, imeng'arishwa kama ya bibi harusi, ipo kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Chini kaandika: "Mnaikumbuka Jumapili ya afande?"

Mwaka 1981, basi. Vita vya Kagera vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, mafuta ya kubahatisha, na magari ya watu binafsi marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Tulikuwa Kibosho kwenye kipaimara cha binamu. Misa ndefu, kisha mbege, kisha hotuba, na kila Mzee alipoinuka aliambiwa akae kidogo, ndizi zinaiva.

Karibu na kuingia Moshi mjini, trafiki akasimama katikati ya barabara. Mzee akatoa indiketa, kile kimkono cha rangi ya chungwa kilichokuwa kikichomoka ubavuni mwa gari, akaegesha kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, afande."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa nane kasoro."

"Kwa saa ya nani?"

Mtu mwingine hapo angebembeleza. Mzee alishuka akaanza kulitambulisha gari. Kwamba aliyelibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, siyo Mwingereza wa kuzaliwa kule. Kwamba gari la majaribio alipoliangalia aliliona jembamba, akaamuru lipasuliwe katikati kwa urefu, litanuliwe inchi 4. "Ndiyo maana boneti ina huu ukanda. Gusa hapa, afande." Na afande akagusa! Kwamba mwenye kampuni, Lord Nuffield, hakulipenda hata kidogo, alisema linafanana na yai lililopikwa majini bila ganda. Wakalionyesha London mwaka 1948 hivyo hivyo, na kufikia mwanzo wa 1961 yalikuwa yametoka milioni moja. Hakuna gari la Uingereza lililokuwa limewahi kufika huko.

"Wakunga wa kule ndilo walilopanda," Mzee akamalizia. "Walimu. Makarani kama mimi. Hili si gari la anasa."

Afande alikuwa amesikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimeelewa mzee. Lakini haliendeshwi."

Mzee akatazama barabara inavyoteremka. "Na likisukumwa?"

Yule kijana hakujibu upesi. Nadhani alikuwa akiisoma sheria kichwani, mstari kwa mstari, kutafuta neno kusukuma. Kisha akavua kofia, akaibana kwapani, akaja nyuma ya gari.

Mama alishuka na kitenge chake cha sherehe, viatu akaviacha ndani. Dada akashika mlango wa kushoto, mimi nikabandika viganja kwenye buti lililokuwa likiunguza kwa jua, na mkungu wa ndizi tuliopewa ukigongagonga humo ndani. Watoto waliokuwa kando ya barabara wakajiunga bila kualikwa. Afande akahesabu, "Moja, mbili, tatu!" Tukasukuma. Mwanzoni halikutikisika, kisha likaanza kwenda polepole, kisha tukawa tunakimbia, kisha viganja vyangu vikawa havigusi kitu. Tukasikia likishtuka: kikohozi kimoja, cha pili, halafu mngurumo wake ule wa siku zote. Kwenye kona kimkono cha indiketa kikachomoka upande wa kushoto, sawasawa kabisa na sheria za barabarani, na Mzee akapotea na viatu vya Mama.

Mpaka anafariki alishikilia kwamba mguu ulimteleza kwenye klachi. Sawa, mguu unaweza kuteleza. Gia ya pili nayo? Swichi je, iliyotakiwa kuwa imezimwa? Dada hutetea kwamba breki zingemsumbua injini ikiwa imezimwa. Mimi najua breki za Morris hazikutegemea injini hata kidogo, lakini ni dada yangu mkubwa. Nikiwa mbele ya wanangu, nikitaka kuwasifia babu yao kuwa mtu wa kufuata sheria, hapo ndipo huwa nasita.

Afande alibaki amesimama nasi, anahema, kofia imedondoka vumbini.

"Mama," akasema, "ameendesha yule."

Mama, ambaye asubuhi ile alikuwa amepokea komunyo, akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Mimi nimeona likisukumwa, mwanangu. Na wewe ulikuwepo."