T iko ukingoni: mchemraba wa Soma na programu yake

Mchemraba wa Soma, uliobuniwa na Piet Hein wa Denmark, una vipande saba: V yenye vichemraba vitatu, na sita vyenye vinne vinne: L, T, Z, viwili vilivyojisokota, na kimoja chenye mikono mitatu. Jumla 27, vijaze 3×3×3. Kutafuta majibu kwa programu ni mistari michache ya msimbo. Kinachonivutia ni hesabu inayotangulia.

Vyumba 27 vya mchemraba vipewe namba x + 3y + 9z, viwianishi x, y na z vikiwa 0 hadi 2, yaani namba 0 hadi 26, na kila mkao, yaani kila namna kipande kinavyoweza kukaa ndani, uwe namba moja ya biti 27, biti moja kwa kila chumba. Mikao yenye biti ya pamoja imegongana. Ili kupata mikao yote, zungusha kipande kwa njia zote 24, kisogeze kianzie sifuri, panga viwianishi, futa vinavyojirudia, kisha kitembeze ndani ya mchemraba. Ukisahau kupanga, nakala zitapenya.

Hapa hesabu ndiyo shahidi: V na L zina mikao 144 kila kimoja, T na Z 72, vile viwili vilivyojisokota 96, na chenye mikono mitatu 64. Jumla 688. Ukipata 880, umeingiza mageuzi ya kioo. Vilivyojisokota ni cha kushoto na cha kulia, kimoja taswira ya kioo ya kingine. Ukivichanganya, kila kimoja hupata mikao 192, na programu itatoa kwa furaha majibu ambayo vipande halisi vya mbao vitayakataa.

Sasa T. Mchemraba una kona nane. L hufunika zisizozidi mbili, na vile vingine vitano visivyo T moja moja: saba tu. T hufunika mbili au haifuniki hata moja, kwa hiyo lazima ilale ukingoni. Mikao yake 24 ya namna hiyo ni mmoja uliozungushwa tu! Ugandishe mmoja. Kisha chukua chumba kilicho wazi chenye namba ndogo kabisa, jaribu mikao inayokifunika, ukikwama rudi nyuma. Badala ya majibu 11,520 utapata 480, na ukiondoa yaliyo taswira ya kioo ya mengine yatabaki 240, idadi ambayo wanahisabati John Conway na Michael Guy waliifikia kwa mkono.

Ukipenda Algorithm X, mbinu ya utafutaji ya mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth, safu za jedwali lake ni 34, vyumba 27 na vipande 7. Biti 32 hazitoshi, na operesheni za biti za lugha ya JavaScript huzikata zinazozidi bila kukuambia. Weka vipande kwenye namba ya pili.