Kumbukumbu ya mradi: mifereji imeisha, nyumba za bondeni zimenigomea

Kwa waliouliza mradi wangu wa kuchora ramani ya mtaa na mafuriko yake umefika wapi: mifereji ya upande wetu wa Kigogo, Dar es Salaam, kutoka barabarani hadi Mto Msimbazi, imeshaingia OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri. Vimebaki vichochoro na nyumba za bondeni.

Mfereji hauna maneno. Unaufuata na simu mkononi, unapima kina kwa futikamba, unaandika kama ni wa zege au ni mtaro wa udongo, na kama umeziba taka. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za jamii, walianza kazi kama hii Dar mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo wakizunguka mitaani pamoja na wenyeji. Mimi najazia yaliyobadilika. Maneno huanza ukiuliza maji yalifika wapi. Mama mmoja muuza vitumbua alinionyesha mstari ukutani kwake, juu kidogo ya swichi ya taa: mafuriko ya Desemba 2011. Chini yake kuna mistari mingine ya tope, na mmoja ameukoleza mwenyewe kwa mkaa, mpangaji mpya asije akasema hakuambiwa. Vipimo vyangu vya maana vimetoka kwenye kuta za namna hiyo.

Sasa falsafa, maana ndiyo iliyonitia kwenye kazi hii. J. B. Harley, mwanahistoria wa ramani wa Uingereza, mwaka 1989 aliyachukua mawazo ya Foucault na Derrida, wanafalsafa wa Ufaransa, akayaleta kwenye ramani. Alisema ramani isomwe kama kauli nyingine yoyote ya mwenye mamlaka: kasema nani, kwa faida ya nani, na amenyamazia nini. Ukitaka mfano, nenda Kibera, Nairobi. Kabla vijana wa Map Kibera hawajaanza kupita na GPS mwaka 2009, mahali palipojaa watu vile palikuwa karibu patupu kwenye ramani. Deleuze na Guattari nao, waandishi wa falsafa wa Ufaransa ambao ni wagumu kwelikweli, mwaka 1980 waliitaja ramani kuwa kitu kilicho wazi, cha kuchanwa, kugeuzwa na kuchorwa upya na yeyote. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, inakaribia hapo: ukibadilisha kitu, toleo la zamani linabaki kwenye historia pamoja na jina la akaunti iliyolichora.

Nilikuwa nikiamini kwamba mwananchi akishika kalamu, suala la mamlaka limekwisha. Mzee mmoja wa karibu na mto akaniuliza, "Kijana, hiyo ramani ataiona nani?" Nikamjibu, yeyote mwenye intaneti. "Basi nyumba yangu iache." Anaikumbuka Desemba 2015, alama za X nyekundu na mabuldoza yaliyobomoa nyumba za bondeni. Kwake kunyamaziwa ni kinga. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, anataka kinyume chake: aandikwe mpaka choo, kwa sababu siku ya fidia asiyeorodheshwa halipwi.

Harley hakuniachia jibu la hao wawili. Tena nyumba ya mzee tayari imo, ilichorwa na mtu mwingine kutoka picha ya setilaiti, na taratibu za OpenStreetMap zinataka kilichopo ardhini kibaki. Nikiifuta leo, kesho itarudishwa. Kwa hiyo nimeamua hivi: maumbo ya nyumba siyagusi, na kina cha mafuriko nakiandika kwa kichochoro, si kwa nyumba, kwenye faili langu la QGIS (programu ya ramani ya kwenye kompyuta) lisilopanda mtandaoni. Ndiyo, nimeamua mimi, mwenye simu na laptopu, na sijachaguliwa na mtu. Hilo linanikera kuliko kazi yenyewe.

Kuna kituko kingine. Picha ya setilaiti niliyokuwa naitumia inaonyesha mabati ya nyumba ambazo wenyewe walishahama kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi, ule wa kupunguza mafuriko. Mtu aliye Ulaya anaweza kuzichora leo kwa nia njema kabisa, ukaota mtaa mzima usiokuwepo. Baudrillard, mwanafalsafa mwingine wa Ufaransa, alipoandika mwaka 1981 kwamba ramani sasa inaitangulia nchi, nilimwona mtia chumvi. Chumvi imepungua.

Vichochoro vina ugomvi wao. Vibao vya anwani za makazi vina jina moja, bodaboda wana lao, na wazee wana la tatu. Programu ina kisanduku cha jina rasmi na cha jina lingine, kwa hiyo yote yanaingia. Kipi kionekane kwenye ramani ndicho kijiwe kinabishania, na bodaboda wanaongoza kwa sauti.

Jumamosi natundika ramani iliyochapwa kwenye karatasi kubwa ya A1 ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti ameshakubali, na kalamu za rangi zitakuwa mezani. Mzee na jirani yake nimewaalika wote wawili. Suala la kina cha maji nyumba kwa nyumba nitalirudisha kwao pale pale. Anayejua pa kuchapa A1 Kariakoo kwa bei ya kistaarabu anitonye kabla ya Ijumaa.