Nilivyobuni na kufuma kofia ya sufu ya mvuvi

Mgeni wa Lamu hudhani joto letu ni la mwaka mzima, kwa hiyo kofia ya sufu ya nini? Aende akakeshe ndani ya mashua mwezi wa saba, kusi limeshika, nguo zimerowa, nje huko kupita Shela ambako hakuna kisiwa cha kukinga upepo. Kaka yangu huvua usiku, na yeye na wenzake huvaa kofia za sufu za mtumba. Yake ilikuwa imelegea, upepo ukivuma inabidi aishike kwa mkono, na nyavu zinataka mikono yote miwili. Nikamwambia nitamfumia.

Kufuma nimejifunza tangu msichana, na masweta ya watoto nimefuma mengi, lakini kwa kufuata vielelezo vya watu. Safari hii nilitaka iwe yangu toka mwanzo: ikamate kichwa kile, ikinge masikio, na nakshi yake itoke kwetu.

Uzi ulinipa mawazo kwanza. Pamba ikishiba maji huwa nzito na baridi, tena ikishanyooka hairudi. Uzi wa viwandani wa akriliki ni rahisi kufua, ila sufu halisi ina sifa moja ambayo mvuvi anaihitaji: inaweza kufyonza unyevu karibu theluthi ya uzito wake na bado isihisike imelowa. Wifi yangu yuko Nanyuki, ambako watu husokota sufu kwa mkono. Nikamwagiza gramu 100, rangi ya samawati iliyokolea.

Wakati nausubiri, nilikaa na baba. Yeye hushona kofia za viua, zile nyeupe zetu zenye vitundu vilivyozungushiwa uzi. Kofia yake ina vipande viwili, kile cha juu cha duara na ule ukanda wa kuzunguka kichwa, na nakshi huchorwa yote kwenye kitambaa kabla tundu la kwanza halijatobolewa. Nilimuuliza anajuaje kwamba ua la mwisho litakutana na la kwanza bila kubanana. Akanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Mwanangu, hesabu kwanza. Sindano haijui kuhesabu." Neno hilo ndilo lililoongoza kofia yote.

Uzi ulipofika sikuanza kofia. Nilifuma kipande cha majaribio cha mraba kwa sindano za milimita 4.5, nikakiosha, nikakikausha kivulini, ndipo nikakilaza mezani nikakipima. Kuosha ni lazima, maana sufu hubadilika kidogo ikionja maji. Katika sentimita 10 nilipata vitanzi 20 kwa upana na safu 26 kwa urefu. Namba hizo mbili ndizo ramani yote. Anayefuma kwa kukaza mkono atapata namba nyingine hata kwa uzi ule ule, kwa hiyo msichukue zangu, pimeni za kwenu.

Kichwa cha kaka, kwa futi ya fundi cherehani, ni sentimita 57. Kofia ya kufuma haitakiwi kulingana na kichwa. Lazima iwe ndogo kidogo ili inyumbuke na kukamata. Nikatoa sentimita 5, zikabaki 52. Kila sentimita ni vitanzi 2, basi 104. Hapo nilifurahi kweli, kwa sababu 104 hugawanyika kwa 4, jambo ambalo pindo linataka, na kwa 8, ambalo nakshi na utosi vinataka. Nikaongeza vitanzi 2 vya pembeni kwa ajili ya mshono wa nyuma, kwani nilikuwa na sindano mbili zilizonyooka tu.

Nakshi sasa. Nilitaka vijumba kama vinavyoonekana kwenye kofia za baba, bila kuongeza rangi. Kufuma kuna vitanzi vya aina mbili tu: cha uso, kinacholala laini, na cha mgongo, kinachoacha kinundu. Vinundu vikipangwa juu ya uso laini, umbo linatokea. Nilichora kwenye daftari la hesabu la mpwa wangu, kila kijumba upana wa vitanzi 7 na kimoja cha kutenganisha, jumla 8, hivyo vijumba 13 vinazunguka kofia bila kubaki wala kupungua. Lakini mraba wa daftari hauna umbo la kitanzi. Kitanzi ni kipana kuliko urefu wake. Ndiyo maana upana wa sentimita 10 ulichukua 20 na urefu ukachukua 26. Kijumba cha vitanzi 7 kwa safu 7 kingetoka na upana wa sentimita 3.5 na urefu wa 2.7, kimebonyea. Nikarudia safu moja upande wa juu na moja upande wa chini, zikawa 9, urefu karibu 3.5. Kwenye karatasi kilionekana kirefu kupita kiasi. Kwenye sufu kikasimama sawasawa. Sijui kama kuna raha katika kazi hii inayozidi hiyo, ya kuona umbo linatoka kama hesabu ilivyosema.

Nilianzisha vitanzi kwa sindano nene zaidi kidogo ili ukingo usibane, kisha nikarudi kwa zile za 4.5. Pindo ni viwili vya uso, viwili vya mgongo, mpaka sentimita 12, maana linakunjwa katikati na masikio yanapata tabaka mbili. Juu yake safu 18: nne laini, tisa za vijumba, tano laini. Safu za kurudi unatazama upande wa ndani, kwa hiyo uso unakuwa mgongo na mgongo unakuwa uso. Hapo daftari lisiwe mbali.

Utosi ndio nilioupenda kuliko vyote. Baba hukata duara na kulishonea. Mimi duara langu linaota kutoka kwenye ukanda wenyewe. Niligawa vitanzi 104 mafungu 8 ya 13. Mwisho wa kila fungu nilifuma viwili kwa pamoja, vikabaki 96. Safu ya kurudi bila kupunguza, kisha tena, 88, 80, 72, hivyo hivyo hadi 16. Mistari minane ya kupunguza inakwenda kukutana katikati, na juu ya kofia inatokea nyota bila kuitafuta. Vile 16 nikavifuma viwiliviwili, na 8 vilivyosalia, pamoja na viwili vya pembeni, nikavipitisha uzi na kuvuta.

Kwenye kushona nyuma kuna jambo dogo watu hulisahau. Pindo likikunjwa, ndani yake inakuwa nje. Kwa hiyo sentimita 6 za mwanzo kutoka ukingoni nilizishona kutoka upande wa pili, mshono ukajificha kwenye mkunjo.

Nilimwambia kaka aifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, asiisugue wala kuikamua kwa kusokota, aikaushe imelazwa kivulini. Sufu ikipata maji ya moto na kusuguliwa hujikunja ikawa ngumu, na haitarudi.

Ameivaa msimu mzima wa kusi na haijawahi kuondoka kichwani. Nahodha wake naye sasa anataka. Kichwa chake ni sentimita 60. Ukitoa 5 unapata vitanzi 110, ambavyo havigawanyiki kwa 8. Nimechagua 112, mafungu 8 ya 14, vijumba 14, na uzi tayari nimeuagiza.