Siku moja maishani mwangu: kukata vijiti chini ya ziwa huku Uskoti

Saa 11 alfajiri naamka na jua lishatoka zamani. Mwezi wa sita huku linachomoza saa 10 na ushee na kuzama ni saa 4 usiku, na mimi nimekulia Ukerewe, giza linaingia saa 1 kila siku ya Mungu, sasa huu mwaka wa tatu na mwili bado haujaelewa. Nakunywa chai kikombe kimoja tu. Kimoja! Ukishavaa suti ya mbizi hakuna kwenda chooni, na nilishajifunza hilo kwa aibu.

Saa 2 tupo ukingoni mwa Loch Tay, tunakotafuta umri wa nguzo za kale zilizozama. Ziwa jembamba refu, kilomita kama 23, milima kila upande. Humu ndani kuna visiwa kama 18 vya kujengwa kwa mikono, wenyewe wanaviita kranogi. Usitegemee kuona nyumba, vingi sasa hivi ni lundo la mawe lililozama. Enzi hizo watu walikuwa wanasimika nguzo kwenye tope la ziwa, wanatandika magogo juu yake, halafu nyumba ya duara yenye paa kubwa la nyasi na kidaraja cha kwenda nchi kavu. Kulikuwa na nyumba ya mfano imejengwa hapa ziwani miaka ya 90, watalii walikuwa wanaingia kabisa, Juni 2021 ikashika moto usiku ikateketea kwa dakika chache. Kijiji kipya wamekijenga ng'ambo, kimefunguliwa 2024.

Visubi wameshaanza. Jamani visubi wa huku! Wadogo kama punje ya pilipili manga, wanakung'ata mpaka ndani ya masikio, yaani kuzama majini inakuwa nafuu.

Saa 3 nazama. Kina mita mbili tatu tu lakini baridi yake inauma meno, na leo mpira wa suti kwenye mkono wa kushoto unavuja, maji yananipanda taratibu mpaka kwapani. Maji yana rangi ya chai ya rangi. Hapa hatuchimbi kwa jembe, unapepea tope kwa kiganja pole pole kama unapuliza vumbi kwenye picha ya zamani, ukitia haraka kidogo tu linapanda lote huoni hata mkono wako, unakaa unasubiri litulie.

Halafu nguzo ikajitokeza. Naomba mnielewe hapa. Mti umekatwa miaka kama 2,500 iliyopita na GANDA BADO LIPO. Ncha imechongwa, kila pigo la shoka linaonekana, na kwenye kila pigo kuna kamstari kadogo kamejirudia palepale, maana shoka la huyo bwana (au bibi, nani anajua) lilikuwa na pengo kwenye makali. Angeweza kulinoa akaamua liishe hivyohivyo. Nikagusa kwa kucha, ikaingia kama kwenye sabuni ya kipande iliyolowa. Umbo limebaki lakini nguvu haina, ni maji tu yanaushikilia. Chini ya tope hakuna oksijeni, wadudu na kuvu wanaoozesha mti hawawezi kufanya kazi, ndiyo maana hapa Oakbank, kranogi iliyoanza kuchimbwa 1980, walipata mpaka chombo cha mbao kikiwa na mabaki ya siagi na sakafu iliyotandikwa kangaga. Nchi kavu vitu hivi huvipati, unapata mawe na vigae basi.

Saa 5 tunakata kipande kwa msumeno humohumo majini, tunakifunga kwenye nailoni na maji yake. Kikikauka kinasinyaa na kupasuka kama muhogo wa juani, na hapo kazi yote imekwisha.

Saa 7 mkate, supu, hadithi. Leo mada ilikuwa kranogi za Lewis, kisiwa cha kule kaskazini magharibi, ambako mpiga mbizi mstaafu wa jeshi la majini aliona vyungu chini ya ziwa mwaka 2012, vingine karibu vizima, na vipimo vilivyotangazwa 2019 vikaonyesha baadhi ya kranogi za kule zina zaidi ya miaka 5,000. Kabla ya hapo wengi walikuwa wanasema hivi visiwa ni vya zama za chuma.

Saa 8 mpaka saa 11 nasafisha kipande kwa wembe na kuhesabu pete, moja kwa kila mwaka mti ulioishi. Macho yanatoka machozi. Kwa nini tunajitesa? Kwa sababu rediokaboni, kile kipimo cha umri wa vitu vya kale ambacho kila mtu anadhani kinamaliza mambo, kina eneo moja bovu kabisa, kati ya mwaka 800 na 400 kabla ya Kristo, hapo mstari wa kugeuza vipimo kuwa miaka umelala kama meza, ukipima mti wa miaka hiyo unajibiwa "popote ndani ya hiyo miaka 400". Na nguzo zetu ziko humohumo. Kwa hiyo unachukua pete kadhaa za mti uleule, ukijua hii na ile zimepishana miaka kumi kamili, unapima kila moja, halafu unatafuta mahali ambapo zote kwa pamoja zinakaa kwenye huo mstari. Makisio yanabana sana. Leo nimehesabu mara tatu, nimepata 61, 61, na 63. Kesho narudia.

Saa 2 usiku, jua bado linawaka, nampigia baba, mvuvi wa dagaa.

"Shikamoo baba."
"Marahaba mama. Bado mnaokota miti?"
"Bado baba."
"Hiyo nguzo waliigongaje mpaka ikaingia, na hawana mashine?"
Nikamwambia akisie.
"Sisi gatini hatugongi. Unaitia ncha, unaishika, unaizungusha huku na huku, inashuka yenyewe."

Wale waliojenga nyumba ya mfano miaka ya 90 waligundua hichohicho baada ya kuhangaika. Nikamwambia, akacheka mpaka mtandao ukakata. Sasa natafuta gundi ya kuziba huu mpira.