Jinsi 3...c5 ya Caro-Kann ilivyonipa mchezo wa mashindano

Katika sataranji (chess), nikiwa na nyeusi hujibu 1.e4 kwa c6, ufunguzi uitwao Caro-Kann. (Herufi na namba, kama e4, hutaja mraba; B ni askofu, N farasi, R ngome, Q malkia, K mfalme; x ni kula, + ni kumtishia mfalme, ! ni hatua nzuri, na nukta tatu ni hatua ya nyeusi.) Safari hii ikawa 2.d4 d5 3.e5, na badala ya kumtoa askofu f5 nikasukuma 3...c5, hatua ambayo Mikhail Botvinnik aliitumia dhidi ya Mikhail Tal katika marudiano yao ya ubingwa wa dunia mwaka 1961. Kitunda (kete ndogo, pawn) cha safu ya c kinatembea mara mbili, ndiyo, lakini d4 inabanwa kabla nyeupe hajatoa farasi hata mmoja.

4.dxc5 e6 5.Be3 Nh6! Farasi huyu anaelekea f5 kumsumbua askofu. Asiogopwe 6.Bxh6 gxh6: kitunda cha c5 kinakosa mlinzi, nami nabaki na maaskofu wawili. Mpinzani alicheza 6.c3 Nf5 7.Bd4 Nxd4 8.cxd4, nikapiga 8...b6.

Hapa ndipo mchezo ulipo. Kwa 9.cxb6 Qxb6 malkia anagusa b2 na d4 kwa pamoja, na Bb4+ iko tayari. Yeye aling'ang'ania kitunda kwa 9.b4, na dawa ya b4 ni 9...a5 papo hapo, kabla hajapanga vikosi. Ningekuwa yeye ningeanza na 10.Bb5+. Alicheza 10.a3, hatua inayoonekana ya kawaida kabisa, kumbe kitunda hicho kimefungwa: baada ya 10...axb4, ukila 11.axb4 unapoteza ngome a1, maana farasi wa b1 amemkinga malkia asiweze kuilinda.

11.cxb6 Qxb6 12.Nf3 bxa3. Kitunda cha a3 hakiliki: 13.Rxa3 Rxa3 14.Nxa3 Bxa3, farasi amekwenda bure. Na 13.Bb5+ haifai tena, kwa sababu malkia wangu yuko b6 na atamla askofu. Ikawa 13.Nc3 Bb4 14.Qd3 Ba6 15.Qe3 Bxf1 16.Kxf1 Bxc3 17.Qxc3 0-0 (mfalme wangu akahamia pembeni, ngome ikaruka upande wake wa pili).

Nina kitunda kimoja zaidi, na ngome yake ya h1 imezibwa na mfalme wake mwenyewe. Hapo nilijizuia kucheza 17...Qb2 mara moja, kwani 18.Qc8+ ingemtoa mfalme wangu nje. Mfalme akishajificha, Qb2 inakuwa tishio la kweli: malkia wakibadilishana, kitunda cha a3 kinatua b2, hatua moja tu kabla ya kuwa malkia, huku kikiishambulia ngome ya a1. Kitunda hicho ndicho kilichoamua mchezo.