Namba ituchagulie njia: tulivyofanya waendesha baiskeli wa Dodoma

Kikundi chetu cha baiskeli kilikuwa na ugonjwa mmoja: kila Ijumaa jioni ni mabishano ya kesho twende wapi. Wenye baiskeli za giya wanataka lami ya kuelekea Morogoro, wenye Phoenix wanataka njia za vijijini, na mwisho wa yote tunaishia kule kule tulikokwenda wiki iliyopita. Dawa niliipata kwenye mchezo wa watu wa kompyuta uitwao jiohashingi, uliotokana na katuni ya mtandaoni ya Mmarekani Randall Munroe, mwaka 2008.

Mchezo wenyewe uko hivi. Dunia inagawanywa kwa miraba yenye digrii moja kila upande. Unachukua tarehe, unaiunganisha na namba ya Dow Jones (kipimo cha bei za hisa za Marekani) ambayo soko la hisa la New York limefungulia, halafu unaipitisha yote kwenye hesabu ya kompyuta iitwayo MD5. Zinatoka herufi na tarakimu 32. Nusu ya kwanza inageuzwa kuwa desimali za latitudo, nusu ya pili za longitudo, na hapo ndipo watu wanapokutana. Hakuna awezaye kuijua sehemu hiyo mapema, hakuna awezaye kuivutia kwake, na yeyote akipiga hesabu anapata jibu lile lile. Kwa kikundi chenye ubishi kama chetu, hilo lilikuwa ndilo hitaji lenyewe.

Tatizo ni umbali. Mraba wetu unaanzia digrii 6 hadi 7 kusini na 35 hadi 36 mashariki, kama kilomita 110 kila upande, na mji wa Dodoma umekaa kwenye kona yake ya kaskazini mashariki. Chukua mfano uliomo kwenye katuni yenyewe, wa tarehe 26 Mei 2005, soko lilipofunguliwa na 10458.68. Desimali zake ni 0.8577 na 0.5445. Kwetu hiyo ni 6.8577 kusini, 35.5445 mashariki: karibu kilomita 80 kwenda tu, ukipima kwa mstari ulionyooka. Mwenye gari ataona ni matembezi. Mwenye Phoenix yenye keria ya chuma atalala njiani.

Kwa hiyo bahati nasibu niliiacha kama ilivyo, nikapunguza uwanja. Nilichora sanduku la digrii 0.3, yaani kilomita 33 hivi kila upande, mji ukiwa katikati: kona moja ni 6.02 kusini na 35.60 mashariki. Kila desimali unaizidisha kwa 0.3, kisha unaijumlisha kwenye kona. Mfano ule ule sasa unatoa 6.2773 na 35.7634, kilomita kama 12 kusini mwa mji. Hata pembe ya mbali kabisa haifiki kilomita 25 kwa mstari wa moja kwa moja, na mtu wa baiskeli yoyote anaweza kwenda na kurudi kabla jua halijawa kali.

Saa nayo ilibidi ibadilike. Desturi ya mchezo ni kukutana Jumamosi saa kumi alasiri, lakini wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma hauna adabu saa hizo. Sisi tunaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bahati nzuri ni kwamba kwa upande wetu wa dunia kanuni inatumia namba ya soko ya siku iliyotangulia. Soko linafunguliwa Ijumaa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, au saa kumi na moja na nusu Marekani ikisharudisha saa nyuma, kwa hiyo jioni hiyo hiyo sehemu inajulikana. Naituma kwenye kundi la WhatsApp pamoja na maelezo ya kawaida ya njia, maana si kila mwenzetu ana simu ya ramani.

Kilichotuchukua muda zaidi ni kukubaliana nini maana ya kufika. Namba haijui shamba la mtu, ua, kambi wala korongo. Tumeamua kwamba ukifika ndani ya mita 300 kwa njia inayopitika, umefika. Kukaribia zaidi ni kwa miguu na kwa ruhusa. Safari moja sehemu iliangukia katikati ya uwele uliokaribia kuvunwa. Mzee mwenye shamba akatuona tumesimama kwenye kijia tukitazama simu. Tukamwamkia, "Mbukwa, babu." Akaitikia, kisha akauliza, "Wanangu, mmepotelewa na nini?" Mwenzetu mmoja, Mgogo, akamweleza kwa lugha yao. Mzee akacheka sana, akasema kama namba imechagua shamba lake basi tupitie mpakani, uwele usikanyagwe, na akatangulia yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo anayezungumza Kigogo ndiye anayetangulia kila tunapoingia kijijini.

La mwisho ni mbigili, ambazo huko nje ya lami hazimwachi mtu. Fundi wetu huchukua tyubu kuukuu, akaipasua kwa urefu, akakata sehemu ya valvu, akaitandaza ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu nzima. Baiskeli inakuwa nzito kidogo, ila pancha zimepungua kweli kweli. Hata hivyo viraka, solusheni na pampu haviachwi nyumbani.

Ndugu wa Dar es Salaam, mraba wenu sehemu kubwa ni bahari, kwa hiyo msijaribu kanuni ya asili. Anzeni kona ya 6.80 kusini na 39.05 mashariki, mzidishe kwa 0.15. Mtapata nchi kavu tupu, Pugu na Kisarawe zikiwamo, na vilima vya kutosha kuwatoa jasho.